White Sox wamesaini Mjapani lakini mwenye timu ni yule yule. Nirudi ama niachane nao?

AskariWaGeti (Kisumu)

Habari zenu wadau. Najua humu wengi ni watu wa kandanda na nikitaja besiboli mnapita tu, lakini kuna wachache nawajua mnafuata huu mchezo kimyakimya na leo nawahitaji, nimekwama.

Mimi ni askari wa usiku hapa Milimani, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Timu yangu ni Chicago White Sox, ya ligi kuu ya besiboli Marekani. Kabla hamjaniuliza kwa nini, ni Obama. 2009 kwa ile mechi ya All-Star (ya nyota wa ligi) kule St. Louis rais mzima alitoka kurusha mpira wa kwanza akiwa na jaketi ya White Sox, na sisi huku bado tulikuwa na ile homa ya kuona mtu ambaye babake ni wa K'Ogelo ako White House, nikasema kama wetu ni wa Sox mimi ni nani nipinge. Baadaye nikapata kofia yao Kibuye kwa mitumba, nyeusi, maandishi meupe yamelala mshazari, 150 bob. Muuzaji alikuwa ameificha chini ya zingine, alidhani imeandikwa Sex.

Saa zetu zinaingiana vizuri na kazi yangu. Wakianza saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni huko Chicago, huku ni saa nane na dakika arobaini usiku, ile saa geti halina honi hata moja na usingizi unakuja kama deni. Video siwezi, bando litaisha kabla hata hawajabadilishana zamu ya pili. Mimi nafuata kwa app kwa maandishi na vidoti: cha kijani ni bolu (mpira umerushwa nje ya eneo la mpigaji), chekundu ni straiki (umepita ndani ya eneo lake ama amekosa kuugonga), cha bluu ujue mpira umegongwa, hapo unashika roho sekunde kadhaa uone kama ni heri ama ni shari. Wachezaji wote nawajua kwa majina. Wengi wao tukikutana pale Oile siwezi nikawatambua.

Sasa shida yangu. 2023 tulipoteza mechi 101. 2024 tukapoteza 121 kati ya 162, hakuna timu imewahi kupoteza hivyo tangu 1900, hata wale Mets wa New York wa 1962 walipoteza 120 na wao ndio walikuwa mfano wa aibu miaka sitini na kitu. 2025 tumepoteza 102 na watu wanasema tumepona! Ni kama mgonjwa ametoka ICU akapelekwa wodi na familia inachinja kuku.

Septemba ikiisha niliapa basi. Nikafuta app. Halafu Desemba hii ya 2025 mambo mawili yakafuatana, kwanza tukashinda ile bahati nasibu ya kuchagua kijana wa kwanza kwa drafti ya 2026 (pale timu zinachagua vijana wapya kwa zamu), halafu juzi wakasaini Munetaka Murakami, yule Mjapani aliyepiga homurani 56 (ile ya kugonga mpira mpaka nje ya uwanja) kwa msimu mmoja 2022 akiwa na Yakult Swallows. Miaka miwili, dola milioni 34. Jana usiku nikajikuta narudisha app kwa simu.

Swali langu ni moja. Jerry Reinsdorf ako na hii timu tangu 1981. Mameneja wanafukuzwa, wachezaji wanauzwa, yeye ako tu. Kuna haja ya mtu kukesha kwa sababu ya Mjapani wa miaka miwili na mwenye nyumba ni yule yule? Mnisaidie na mnijibu kama watu wazima tafadhali, wale wa kucheka nimeshawacheka mimi mwenyewe.

Ingwe_Damuni (Kakamega)

Jatelo pole sana lakini nimecheka hiyo ya kuku.

Mimi besiboli naielewa nusu, kwangu bado ni raundas ya wanaume waliolipwa. Lakini hili la mechi 121 linanisumbua kwa njia nyingine. Msimu wetu mzima wa ligi hapa ni mechi 34. Timu yako imeshindwa zaidi ya misimu mitatu yetu mfululizo ndani ya miezi sita na mwaka uliofuata bado iko ligi kuu?? Huku ukimaliza mkiani unashuka, unaenda kucheza viwanja vya vumbi huko chini, mashabiki wanakuuliza maswali sokoni, mwenyekiti habebi tena kifua. Huko nasikia ukiwa wa mwisho unapewa kijana bora wa nchi nzima kama zawadi. Sasa huyo mzee ana haraka gani ya kushinda? Mimi nikiambiwa ng'ombe wangu akikosa maziwa serikali inaniletea ng'ombe mwingine, kwani nitamkatia nyasi?

Lakini kuhusu kuacha timu usiniulize mimi. Ubingwa wa mwisho wa AFC Leopards ulikuwa 1998. Na bado uwanjani Bukhungu wakicheza niko hapo na kijana wangu ambaye hajawahi kuona hata picha ya rangi ya sisi tukibeba kombe.

MwalimuRaundas (Vihiga)

Askari salamu. Nimefundisha raundas na netiboli shule ya msingi miaka kumi na saba, na besiboli niliingilia hapo hapo, kwa hivyo hii ni mada yangu na nitaandika refu mnisamehe.

Kwanza nimrekebishe Ingwe kidogo. Si kweli kwamba ukiwa wa mwisho unapewa moja kwa moja. Zamani ilikuwa hivyo, sasa ni bahati nasibu, na tena kuna sheria ambayo iliwachapa hawa hawa White Sox: timu ya mji mkubwa ambayo inachangia kile kikapu cha kugawana mapato haikubaliwi kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Walikuwa wamechagua wa tano 2024, basi baada ya kupoteza mechi 121, yaani hiyo aibu yote, drafti ya 2025 wakachagua nambari kumi. Kumi! Walikufa na hawakupewa hata jeneza. Ndio maana hii ya Desemba imewafurahisha hivi, ni deni la mwaka jana limelipwa kwa kuchelewa.

Pili, Askari unachanganya watu wawili. Kule meneja ndiye kocha, anakaa pale kwenye benchi. Anayenunua na kuuza ni jenerali meneja, na sai ni Chris Getz, tangu Agosti 2023. Mimi Getz namtetea na najua nitarushiwa mawe. Angalia alichofanya na Garrett Crochet. Ni mrusha mpira bora kabisa, mkono wa kushoto, timu nzima ilikuwa yeye. Kila mtu alisema usiuze. Akamuuza Boston Desemba 2024 akapata vijana wanne, na mmoja ni Kyle Teel, mshikaji wa nyuma ya mpigaji, ambaye ameingia Juni 2025 akapiga vizuri kama ameishi hapo. Chase Meidroth naye ametoka kwa hiyo hiyo biashara. Shane Smith aliokotwa kutoka Milwaukee kwa ile drafti ya kuokota wachezaji ambao timu zao hazijawalinda, unalipa dola 100,000 tu, na Julai hiyo hiyo ya 2025 akawa All-Star. Halafu Colson Montgomery, wa kwetu wenyewe, ameanza tarehe 4 Julai na kufikia mwisho wa msimu ana homurani 21. Huyo kijana mapema mwaka huo alikuwa hagusi mpira huko timu ya chini, wakamtoa wakampeleka Arizona kumnyoosha mkono upya, akarudi mtu mwingine. Mwalimu yeyote anajua hiyo si bahati, kuna mtu alikaa na huyo mtoto.

Kutoka kushinda mechi 41 (2024) mpaka 60 (2025) ni mechi 19 za ziada. Na zile walizopoteza kwa rani (pointi) moja 2025 zilikuwa nyingi ajabu, mtu anayeshindwa kwa rani moja kila siku hajafa, anakosa tu wa kufunga mlango inningi ya tisa, ile zamu ya mwisho.

Murakami usimtarajie makubwa sana ya haraka. Akigonga unasahau shida zako, lakini akikosa anakosa haswa, straiki zake ni nyingi na huko Marekani mpira unakuja kwa kasi kuliko aliyozoea. Ndiyo sababu watu walikuwa wanasema atapata zaidi ya milioni 100 na akaishia 34. Wenye pesa waliogopa. Getz akaingia kama mama anayefika sokoni jioni wakati nyanya zinashushwa bei. Nyingine zitakuwa zimeoza, nyingine zitakuwa tamu sana, na hasara yake si kubwa.

Kwa hivyo mimi nasema rudi.

AskariWaGeti

Mwalimu nimekusoma mara mbili na asante. Nakubali karibu yote. Lakini umeongea kuhusu Getz kurasa mbili na mwenye timu hujamgusa, na swali langu lilikuwa la mwenye timu.

Wacha nikuhesabie. 2020 wako vizuri, wameingia mchujo, Rick Renteria anafukuzwa. Sawa. Tukaambiwa tunatafuta meneja bora. Mzee akaenda kumtoa rafiki yake Tony La Russa, ambaye mara ya mwisho kuongoza timu ilikuwa 2011, akaanza msimu wa 2021 akiwa na miaka 76. Nampa heshima zake, yule ni jaduong', mzee wa heshima, ameshinda makombe, na mwaka huo tulishinda mechi 93. Lakini Houston wakatutoa, mwaka uliofuata 81 kwa 81, afya ikamkataa akaenda nyumbani. Akaja Pedro Grifol. Agosti 2024 Grifol naye nje, akiwa ameshinda 28 na kupoteza 89. Grady Sizemore akashika kwa muda. Sasa ni Will Venable. Na hata Getz mwenyewe, wakati Rick Hahn na Kenny Williams wanafutwa 2023, hakuna aliyetafutwa nje, Getz alikuwa tayari ndani ya nyumba anasimamia timu za vijana. Yaani nyumba inavuja, unamfukuza mpangaji wa chumba cha mbele unamhamisha wa chumba cha nyuma.

Na pesa. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya White Sox, unajua ni wa nani? Andrew Benintendi, milioni 75 kwa miaka mitano. Benintendi! Ni mtu mzuri na simchukii lakini huyo ndiye kilele chetu? Chicago ni mji wa tatu kwa ukubwa Marekani. Timu ilinunuliwa 1981 kwa kama milioni 19 na leo inakadiriwa karibu bilioni mbili. Hawajawahi kumpa mchezaji hata mmoja milioni 100. Na 2016 walimtoa Fernando Tatis Jr., nyota wa leo, akiwa bado kijana wa miaka 17 wampate James Shields aliyekuwa anaenda machweo. Hiyo sitasema zaidi, nina zamu.

KatekistaWaMpaka (Busia)

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu askari, inaonekana umesahau jambo la maana. Baba Mtakatifu Leo wa 14 ni shabiki wa White Sox. Kakake aliwaambia waandishi wa habari waziwazi wakati watu wanaanza kusema eti ni wa Cubs, ile timu nyingine ya Chicago. Mechi ya kwanza ya fainali ya 2005 alikuwa uwanjani yeye mwenyewe, kamera ilimnasa amekaa na wasiwasi kama sisi wengine. Huo mwaka mkawafagia Houston nne bila. Kabla ya hapo kombe la mwisho lilikuwa 1917. Miaka 88. Wana wa Israeli walikaa jangwani 40 tu.

Mimi besiboli nilianza kuifuata Mei mwaka huu kwa sababu hiyo tu, na mke wangu anasema napoteza wakati. Swali: hii bolu na straiki, nani huamua? Maana nimeona mpira unapita palepale, mara ni kijani mara ni chekundu.

MwalimuRaundas

Katekista, refa anayesimama nyuma ya mshikaji ndiye huamua, anaitwa ampaya, na ndiyo, huwa anakosea. Kuanzia 2026 mchezaji ataruhusiwa kupinga uamuzi na kamera ziangalie, lakini kila timu ina nafasi chache tu za kukosea.

KatekistaWaMpaka

Aaa. Kumbe kuna rufaa.

KabsiDamu (Eldoret)

Nimekuja tu kuwasalimia kutoka upande wa pili wa mji. Cubs 2025 tumeshinda mechi 92. Kombe tulibeba 2016. Askari kuna nafasi kwa basi, ingia tu, hatuulizi maswali.

Ingwe_Damuni

Kabsi wewe ulianza 2016, usitudanganye.

KabsiDamu

Nilianza 2015 na ushahidi ninao.

WaLanet (Nakuru)

Mimi huwa sichangii lakini hii imenitoa. Dadangu ni nesi Chicago, na Septemba 2024 nilikuwa kwake wiki tatu. Akaniuliza unataka kuona nini nikasema nataka kuona hiyo timu inayoshindwa kila siku nayosikia watu wakicheka, tiketi zilikuwa rahisi kuliko chakula cha mchana cha huko. Tukashuka na treni ya laini nyekundu steji inaitwa Sox-35th, unavuka daraja juu ya barabara kuu na uwanja ndio huo.

Ilikuwa tarehe 24, Jumanne. Wameshapoteza 120, wakipoteza hiyo wanaweka rekodi yao pekee. Na nawaambia ukweli, watu wengi walikuja KUONA WAKISHINDWA. Huwa naenda uwanja wa Afraha tangu niko mdogo sijawahi kuona kitu kama hicho, mtu amevaa jezi ya timu yake, amelipa, na anangoja maafa kama anangoja bwana harusi. Jirani yangu kwa kiti, mzee mmoja hivi na kofia imepauka, alikuwa anajaza karatasi kwa penseli, kila mpira anaandika alama yake. Karibu katikati ya mechi watu wakaanza kuimba "uza timu, uza timu" kwa Kiingereza chao, uwanja mzima. Dadangu akaimba pia na hata hajui timu ni ya nani.

Inningi ya nane wako nyuma 2-0 dhidi ya Angels. Halafu sijui nini kiliwaingia, mtu akagonga, mwingine akagonga, rani tatu hivi hivi, wakashinda 3-2. Na wale wale waliokuwa wanaimba uza timu wakasimama wakapiga kelele za furaha na baadhi wakazomea wakicheka kwa sababu wamenyimwa historia! Mzee wa penseli hakupiga kelele. Alikunja karatasi yake mara mbili akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo. Wakashinda na mbili zilizofuata pia, ile ya 121 wakaenda kuipoteza Detroit Ijumaa, ugenini, ambapo mashabiki wao hawakuwepo kuiona.

Na kuna kitu kingine sijawahi kumwambia mtu. Huko wanauza mahindi. Wanayakata punje wanaweka kwa kikombe, wanaweka siagi, mayonezi, jibini, limau na unga wa pilipili. Nilikula vikombe viwili nikijiambia nikirudi Nakuru nitamwambia mama wa mahindi pale steji ajaribu. Nikamwambia. Akaniangalia tu.

Jibu kwa swali lako Askari: sina. Lakini mwenye timu haonekani pale uwanjani. Pale kulikuwa na yule mzee na penseli.

AskariWaGeti

WaLanet umeniuma mahali.

Kwa sababu mimi nina ya kwangu kama hiyo. Julai na Agosti 2024 tulipoteza 21 mfululizo. Ishirini na moja! Nilikuwa naweka alama kwa ukuta wa kibanda cha geti na makaa, bosi akaniuliza nahesabu nini nikamwambia siku za kulipwa. Basi ile mechi ya 22 ilikuwa Oakland, na Oakland ni mbali zaidi magharibi, ikaanza saa kumi na dakika arobaini alfajiri kwetu. Saa kumi na mbili mwenzangu akanipokea zamu, mimi niko na simu mkononi sijui naenda wapi. Nikaingia matatu ya Kondele. Simu asilimia nne. Tunaongoza. Nimekaa na mama wa omena, ndoo iko katikati ya magoti yetu, gari imejaa mpaka kondakta ananing'inia nje, na mimi naangalia vidoti tu. Chekundu. Kijani. Chekundu. Bluu... na ikaandika aut, mpigaji wao ametoka. Imeisha, 5-1. Nilipiga ukelele gari yote ikageuka, yule mama akashika begi lake kwa nguvu akadhani nimeibiwa, akaniuliza "nani amechukua?" Nikamwambia hakuna mama, tumeshinda. Akauliza Gor Mahia imecheza asubuhi hii? Sikuwa na nguvu ya kueleza nikasema ndiyo. Akafurahi sana. Simu ikazima.

Siku mbili baadaye wakamfukuza Grifol.

Unaona sasa kwa nini inaniuma nikimfikiria mwenye timu. Furaha yangu kubwa ya miaka mitatu ni kushinda mechi MOJA.

MwalimuRaundas

Haya basi nitamgusa mwenye timu kwa sababu umeomba.

Nakubaliana na wewe. Nimeandika kuhusu Getz kwa sababu Getz ndiye kuna la kusema, huyo mzee yote yameshasemwa. Mtu amezaliwa 1936, Bulls pia ni yake, enzi za Jordan alibeba makombe sita kule, 2005 akabeba moja huku, ana haki ya kujivunia. Lakini ni mtu wa kuamini watu wake wa zamani kuliko kuamini kazi. Uaminifu ni mzuri nyumbani, kwa timu ni ugonjwa.

Lakini kuna habari ya Juni 2025 ambayo hujaitaja na sijui kama uliiona kwa sababu ulikuwa umekasirika. Justin Ishbia, bilionea, ndugu ya yule mwenye Phoenix Suns, ametia sahihi mkataba na Reinsdorf. Anaingiza pesa 2025 na 2026 za kulipa madeni ya timu. Kuanzia 2029 mpaka 2033 Reinsdorf akitaka anaweza kumwachia usukani, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia mwenyewe ana haki ya kuuchukua. Kwa hivyo tarehe ya mwisho ipo. Iko mbali lakini imeandikwa.

Ingwe_Damuni

2034?? Mwalimu hiyo ni miaka tisa. Huyu askari atakuwa ameshastaafu geti.

KatekistaWaMpaka

1917 mpaka 2005.

KabsiDamu

Sisi tulikaa 108 kwa hivyo msitupigie kelele na 88 zenu. Na hiyo ofa ya basi bado ipo. Tena hiyo kofia yako ya Kibuye niuzie nimpelekee shemeji yangu Krismasi, ye anapenda rangi nyeusi hajui ni ya timu gani. Nakupa 500.

WaLanet

Usiuze.

AskariWaGeti

Sawa nimewasikia wote, na mwalimu hiyo ya Ishbia nilikuwa nimeisikia nusunusu, nilidhani wanazungumzia uwanja mpya.

Nimeamua hivi. Katikati ya wiki sikeshi tena kwa ajili yao, hizo saa nane na dakika arobaini nitakuwa naangalia geti kama nilivyoandikwa kazi. Lakini Jumapili wakicheza mchana wao saa saba na dakika kumi, kwetu ni saa tatu na dakika kumi usiku, chai bado ni moto kwa thamosi, wenye nyumba wanarudi rudi kutoka kwa wageni, hiyo nitafuata. Jumapili tu. Mpaka huyo mzee atoke. Nikimwona Murakami amegonga moja ya maana Jumapili nitawaambia, akigonga Jumatano mtaniambia nyinyi.

Kabsi, 500 ni pesa nzuri lakini ilishapauka kwa jua mbele pale na ndani imeandikwa jina langu na wino wa bluu. Shemeji mtafutie mpya.

Honi imelia niko naja.

Ingwe_Damuni

Jumapili tu anasema. Aprili tutamkuta hapa saa tisa usiku anauliza nani ameona hiyo bolu.

MwalimuRaundas

Nitakuwa macho pia, nasahihisha mitihani.